Hereni kwa Asilimia Mia Nne

Shemeji yangu ni mpiga picha, na ungemwita hivyo mbele yake angekusahihisha kabla hujafunga mdomo. Yeye si mpiga picha, ni mtunza picha. Wapiga picha, anasema, siku hizi ni kila mwenye simu na kidole. Studio yake ni chumba kimoja, na chumba changu cha kushonea kimepakana nayo. Katikati kuna ukuta wa mbao ambao hauzuii kitu. Nikipiga chafya upande wangu, yeye ananijibu "afya" upande wake. Nimeshona pale miaka kumi na moja nikimsikiliza, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa.

Mtaani wanamwita Chembe. Jina alijipa mwenyewe bila kujua, maana hamalizi sentensi tatu hajalitaja: chembe za filamu, chembe za mwanga, chembe za rangi. Kifuani amening'iniza kioo cha kukuzia, kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Mteja akija kwa picha ya pasipoti, kazi ya dakika tano, Chembe humkalisha kwenye kigoda, humwinua, humkalisha tena. Inua kidevu. Shusha. Sikio la kulia limejificha. Sikio limetokea, sasa bega limekwenda wapi? Mteja hutoka pale na picha safi kabisa, ila sura ni ya mtu aliyekata tamaa ya kusafiri.

Kosa lake ni moja, nami nililijua tangu alipokuja kumposa dada yangu. Huyu mtu hamwoni mtu, anaona vipande. Dada alipendewa kope. Mpaka leo, Chembe akitaka kumsifu mkewe, husema kope zake zinapokea mwanga vizuri, na dada, maskini, amezoea. Siku moja alimpita mama yetu barabarani mchana kweupe bila salamu, mama mkwe wake wa kumzalia mke. Mama alirudi nyumbani amenuna. Alipoulizwa, Chembe alikana katakata kuwa walikutana, kisha akafikiri, akasema labda, maana alipishana na gauni moja lenye kola iliyokaa upande. Kola ile niliishona mimi. Kwa hiyo kwa jibu moja alitukosea watu wawili.

Sasa, bosi wake wa zamani, yule aliyemfundisha kazi, alipofariki alimwachia makasha kumi na manne ya filamu za negativu, ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, kila kasha limeandikwa mwaka kwa wino. Nusu ya mtaa wetu imelala humo: maharusi, wahitimu, watoto wachanga wenye sura za wazee. Chembe akanunua mashine ya skana, akafungua kundi mtandaoni, akaliita Picha Zetu za Zamani. Lazima niseme kweli, mwanzoni lilikuwa jambo la heri. Kila asubuhi picha moja. Watu mia mbili na zaidi walikuwa wakiamka kutazama ni baba wa nani leo ameonekana na suruali pana kama pazia. Walicheka, walikumbushana, wengine walipatana baada ya kununiana miaka.

Kisha simu zikajaa. Chembe alikuwa akituma picha nzito, maana nyepesi zinapoteza chembe, na watu wakaanza kulalamika kwamba hawana tena nafasi hata ya picha ya mjukuu. Hapo ndipo Mwalimu alipopata nafasi yake.

Mwalimu huyu alikuwa akifundisha hesabu. Amestaafu kufundisha, hajastaafu kusahihisha. Aliandika kwenye kundi ujumbe mrefu wa kusukuma kwa kidole mara nne, akieleza kwamba kuna njia mpya za kubana picha. Hii JPG tuliyoizoea, alisema, ni kama mtu anayekunja nguo kwa haraka; hii mpya, AVIF, inakunja kwa akili, mzigo unakuwa nusu na nguo haina mkunjo. Nilimwelewa, kwa kuwa alisema nguo. Dakika hiyohiyo akajibiwa na Fundi Simu, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara yetu, ambaye hajawahi kukubali jambo ambalo hakulianzisha yeye.

"Mwalimu, mzigo mdogo usiofunguka una faida gani?" aliandika. "JPG inafunguka hata kwenye simu ya marehemu babu yangu."

"Babu yako hayumo kwenye kundi hili," Mwalimu akajibu.

Basi likawa hilo. Asubuhi AVIF, mchana JPG. Akajitokeza wa tatu na kitu kinaitwa WebP, akidhani analeta suluhu, akatukanwa na pande zote mbili kwa usawa. Watu waliokuwa hawajui hata kuzima mlio wa simu zao walianza kuzungumzia ubora wa asilimia sabini na tano dhidi ya themanini. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na hao wahenga hawakuwahi hata kuingizwa kwenye kundi.

Mimi nilifurahi. Sifichi. Nilikuwa nawasomea wateja wangu yale majibizano huku nawapima kiuno, na kiuno kinachotikisika kwa kicheko hakipimiki.

Katikati ya vurugu hiyo akaingia Shangazi.

Shangazi ni dada wa baba yetu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenye vyumba vyetu vya kazi. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda zamani, na la kulia lilikuwa likifumba kutokea pembeni, kidogo kidogo, hadi akawa anaona katikati tu. Daktari alimwambia dawa ya matone itajitahidi, lakini ajiandae. Huenda ni miezi, huenda ni wiki. Hakulia. Alisema kuna kitu kimoja anataka kukiona kabla mlango haujafungwa, nacho ni uso wa mwanawe.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa kwa homa ya siku nne. Picha yake pekee ilikuwa ukutani sebuleni, na unyevu wa ukuta ule uliila mwaka hadi mwaka mpaka kikabaki kiatu na mguu wa kiti. Lakini ilipigwa studio, na yule bosi wa zamani, kwa hiyo negativu yake ilikuwa ndani ya yale makasha. Shangazi alilijua hilo. Kwa kuwa kuandika hawezi tena, alituma sauti kwenye kundi.

"Hamjambo wanangu. Mimi ni shangazi yenu. Naomba ile picha ya binti yangu, mkwe wangu anaijua. Macho yangu yanaaga. Ahsanteni."

Vikaragosi vya viganja vya kuomba vilishuka thelathini na viwili, nilivihesabu. Chembe naye, simnyimi haki yake, aliacha kila kitu, akapanda juu ya kigoda, akashusha kasha. Saa mbili hazikupita akawa ameipata filamu na ameiingiza kwenye kompyuta. Nikasikia upande wa pili wa mbao mtu akivuta pumzi.

"Shemeji," akaniita. "Njoo uone maajabu."

Nikaenda. Kwenye picha, binti wa Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha studio, amevaa gauni la vitone vidogo, nywele zimesukwa nyembamba, masikioni hereni za vicheni. Mimi nilikuwa mdogo kwake na nilikuwa nimeanza kumsahau. Chembe alikuwa ameinama hadi pua inagusa kioo cha kompyuta.

"Unaona?" akasema. "Vitone. Nywele. Vicheni. Vyote vitatu kwenye picha moja. Hii si picha, huu ni mtihani."

"Mtumie shangazi, basi."

"Nimtumie kwa njia gani? JPG itamvunjavunja kwenye hizi nywele. AVIF ikibanwa sana itamlainisha ngozi awe kama sabuni. Huyu ni mtoto wake, shemeji. Siwezi kumpa kitu kilichoharibika."

"Shangazi ana jicho moja, nalo nusu."

"Ndiyo maana," akasema, na alimaanisha kila neno. "Kile kidogo anachokiona kiwe kizima."

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Siku ileile Chembe akapendekeza kwenye kundi kwamba badala ya kubishana hewani, picha ya binti wa Shangazi iwe ndiyo ya majaribio. Ibanwe kwa kila njia, wajumbe walinganishe, wapige kura, kisha itumwe kwa njia itakayoshinda. Mwalimu akaafiki. Fundi Simu akaafiki. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho wawili hao kukubaliana, na walikubaliana kumchelewesha kikongwe.

Kuanzia hapo hatukuona picha, tuliona vipande. Jumatatu ilikuja hereni ya kushoto, imekuzwa kwa asilimia mia nne, mara mbili, moja ubavuni mwa nyingine, na swali: ipi ni bora? Jumanne pindo la gauni. Jumatano nywele tatu juu ya sikio. Fundi Simu alizungushia duara jekundu mahali ambapo, alidai, AVIF imekula kitone kimoja cha gauni. Mwalimu alikanusha, akatuma hesabu. Mtu mmoja anayeishi ng'ambo, ambaye hakuna aliyejua aliingiaje kwenye kundi, aliandika kwamba kwa macho ya kawaida tofauti haionekani hata kidogo. Akaondolewa.

Shangazi aliniita nyumbani kwake nimshikie simu. Akaisogeza hadi ikagusa kope za jicho la kulia, akaizungusha taratibu, kitu kikubwa cha manjano kikipita mbele yake.

"Hii ni hereni yake," akasema. "Nilimnunulia siku aliyomaliza shule. Akalala nazo."

Akabonyeza, akatuma sauti: "Ahsanteni wanangu, hereni nimeiona. Sasa nasubiri uso."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani. Mwalimu aliandika: "Wajumbe mnaombwa msitume sauti, zinajaza simu za watu. Tuzingatie mada." Nilimsomea Shangazi kwamba wamesema sawa.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Nilimgongea Chembe ukutani mara mbili, nikauliza wamefika wapi, mara zote akasema keshokutwa. Nami nikagonga, nikanyamaza, nikaendelea kushona. Ningeweza kuvuka mlango nikamsimamia. Sikuvuka. Nilikuwa na vazi la watu la kumaliza na nilikuwa na kichekesho changu cha kuwasomea wateja, na kila nilipomwona Shangazi anapapasa ukuta kutafuta swichi nilijiambia bado, bado, anaona kidogo.

Mwisho wa wiki ya tatu wakapiga kura. AVIF ilipata arobaini na moja, JPG thelathini na tisa, WebP sita, na wengine wote walikuwa wameshajitoa au wamezima arifa. Fundi Simu alisema kura zimechakachuliwa. Mwalimu alitangaza ushindi wa sayansi. Na Alhamisi saa nne asubuhi Chembe akaiweka picha nzima kwenye kundi, si kama picha za kawaida bali kama faili, kwa AVIF ya ubora wa juu kabisa, na chini yake akaandika: "Kwa Shangazi, bila kupoteza hata chembe."

Nilikuwa kwa Shangazi, kwa kuwa nilijua inakuja. Simu yake ni ile ya vitufe vikubwa iliyonunuliwa miaka mingi nyuma. Nikafungua. Kikatokea kisanduku cha kijivu na jina refu la faili. Nikabonyeza tena. Kijivu. Nikatoa simu yangu mwenyewe, nayo ni ya zamani vilevile. Kijivu.

Shangazi alikuwa ameshaichukua simu yake mkononi na kuiweka jichoni.

"Ndiyo hii?" akauliza.

Nikaendelea kubonyeza simu yangu.

"Naona kijivu," akasema. "Niambie kweli mwanangu. Ni simu au ni jicho?"

Nikamwambia ni simu. Akashusha mkono, akaitafuta meza ili aiweke, na simu ikaanguka sakafuni, kwa kuwa meza ilikuwa upande mwingine.

Sikumbuki nilivyofika studio. Nakumbuka nilikuwa nimeshika mkasi wangu wa kukatia vitambaa. Sikumtishia nao mtu, ulikuwa tu mkononi. Chembe alikuwa anasoma pongezi.

"Chapa kwenye karatasi," nikamwambia.

"Shemeji, printa hii haipokei AVIF. Inabidi kwanza niirudishe kwenye—"

"Chapa."

Akautazama mkasi. Akairudisha kwenye JPG, ileile ya babu yake Fundi Simu, akaweka karatasi nzuri, akachapa. Ilichukua dakika kumi, nilikuwa natazama saa ya ukutani. Wiki tatu za wasomi, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Ilipotoka akaishika pembeni kwa ncha za vidole, akaipitishia kile kioo chake, akasema, kwa furaha ya kweli, kwamba hereni imetoka vizuri ajabu. Nilimwambia atangulie mbele.

Dada aliungana nasi njiani. Hakuuliza kitu, aliniangalia usoni tu.

Shangazi tulimkuta amehamisha kiti hadi mlangoni, penye jua.

"Shikamoo shangazi," Chembe akasema.

"Marahaba mkwe wangu. Umeniletea?"

Akampa kwa mikono miwili. Shangazi akaiinua hadi jichoni. Akaisogeza kulia, akaisogeza kushoto, akairudisha nyuma kidogo, akainamisha kichwa jua lipite. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza, akaitazama nyuma, kwenye karatasi tupu, vilevile kama alivyoitazama mbele, kwa uangalifu uleule. Dada akaziba mdomo kwa mkono.

Shangazi akailaza mapajani, akaisawazisha kwa viganja.

"Imekwenda," akasema. "Juzi nilikuwa bado naona dirisha."

Chembe akaanza kusema samahani, na samahani yake ilikuwa na maelezo ndani yake, kuhusu ubora na kuhusu kura. Shangazi akamkatiza, si kwa ukali.

"Mkwe, hayo basi. Wewe umemtazama sana mwanangu wiki hizi tatu, kuliko mtu yeyote. Nisaidie. Alikuwa anacheka?"

Chembe akafungua mdomo.

"Shangazi, ile hereni ya kushoto, ukiangalia—"

"Hereni naijua, nilinunua mimi. Nakuuliza uso."

Akamtazama dada. Akanitazama mimi. Nami nikamwona jinsi alivyokuwa akitafuta kichwani, na jinsi ambavyo humo hamkuwa na kitu. Alijua misuko juu ya sikio ni mingapi. Alijua kitone kipi cha gauni kilibishaniwa siku nne. Kama yule msichana alikuwa anacheka au analia, hakujua. Wiki tatu nzima hakuwahi kumwangalia usoni.

Aliichukua picha kutoka mapajani mwa Shangazi, na mkono wake mwingine ukaenda wenyewe kwenye kioo kifuani.

"Acha hicho," dada akasema polepole.

Akakiacha. Mfukoni simu yake ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Baadaye nilikuja kuona kwamba Mwalimu alikuwa ameshafungua mjadala wa namna bora ya kubana video. Akaiacha itetemeke. Aliinyoosha picha mbele yake kwa urefu wa mkono, kama watu wengine wote wanavyotazama picha, na akatazama. Nimemjua miaka yote hiyo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatazama kitu bila kufumba jicho moja.

"Hacheki," akasema hatimaye. Sauti yake haikuwa ile ya kundi. "Amebana midomo. Lakini mashavu yamepanda. Ni kama kuna mtu anamchekesha na yeye anajizuia."

Shangazi akasogeza sikio karibu.

"Anatazama wapi?"

"Si kwenye kamera. Anatazama pembeni yake, kushoto."

"Nilisimama hapo," Shangazi akasema. "Mpiga picha alimwambia asicheke, nami nikawa namfanyia vituko nyuma ya bega la huyo mpiga picha." Akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata mkono wa Chembe wenye ile picha, akaushika. "Endelea. Nywele usiniambie, nilimsuka mwenyewe. Niambie macho."

Chembe akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akaanza upya.